Gari la Kwenda Ndanda, Kilwa na Bagamoyo

Nachingwea,
Jumanne, mwishoni mwa Agosti.

Mdogo wangu Jonasi,

Nakusalimu kwa salamu zote mbili za nyumba yetu, ile ya kwangu na ile ya kwako, kama Baba alivyotuzoesha tangu tukiwa wadogo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe, Doreen na watoto, na kwamba baridi ya Makambako mwaka huu imewahurumia. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mimi mwili una nguvu na cherehani inazunguka, ila macho yameanza kunidai miwani kila ninapotunga uzi. Ufuta watu wamekwisha kuuza, salfa wamekwisha kupuliza, na mikorosho imechanua hadi inapendeza kuitazama. Ndugu yetu Titus na mkewe Magreti wa Ruponda wanakusalimu sana. Mjomba Rashidy anakusalimu. Mama naye anakusalimu, na habari zake ndizo zitakazojaza karatasi hizi.

Barua hii anakuletea Hemedy, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye lori lake linakuja huko kuchukua viazi na mbao. Nimemwambia asimwachie mlinzi wala mwenzako yeyote wa gereji, akupe wewe mkononi. Utajiuliza kwa nini nimehangaika na kalamu wakati simu ipo. Unajua sababu, Jonasi, usinifanye niseme. Kila nikikupigia tunaongea vizuri, tunacheka, unaniuliza bei ya korosho, lakini nikishataja neno Mama tu, mtandao wa Makambako unakatika papo hapo. Sijapata kuona mtandao wenye masikio namna hiyo. Basi nimeona nikuandikie, maana karatasi haikatiki, na hata ukiikunja kwa hasira utaikuta palepale mfukoni.

Jambo lenyewe ni hili. Mama anataka kusafiri, na anataka wewe uendeshe gari. Anataka sote watoto wake tuwe ndani ya gari moja, Waislamu na Wakristo tukiwa tumechanganyika kama alivyotuzaa, twende tukazuru mahali patakatifu kuanzia Ndanda, kisha Kilwa, hadi Bagamoyo, halafu turudi. Ni safari ndefu kwa mtu mzima kama yeye, na si mzima wa afya. Ule uvimbe wa tumbo nilioutaja mwezi wa tano umekuwa jambo kubwa. Daktari alituita pembeni mimi na Titus, akazungumza nasi kwa upole mno, na upole ule ndio ulionieleza kila kitu. Mama mwenyewe hakutuuliza tuliambiwa nini. Alifunga kanga yake kiunoni, akasema turudi nyumbani Mbekenyera, ana safari ya kupanga.

Tulidhani ni maneno ya mgonjwa yatakayopita. Hayakupita. Wiki ile ile alituita sote kwake. Mjomba Rashidy hakuwa na mbali pa kutoka, Titus na Magreti walipanda bodaboda na kuku wawili, mimi nikafunga duka. Unaujua utaratibu wa kwetu upande wa Mama, kwamba jambo la nyumba halisongi mpaka kaka yake akubali. Mjomba alikaa kwenye kiti chenye mikono, akavaa miwani isiyo na kioo kimoja, akamwambia dada yake aeleze. Mama akaeleza kwa mpangilio hadi nikashangaa. Alikuwa amekwisha kuamua hata siku za wiki. Tutoke Jumatatu ili tulale Ndanda na tukae pale Jumanne nzima, tushuke Mtama hadi Lindi, Ijumaa itukute Kilwa ili Mjomba na mimi na yeye tupate sala ya jamaa, na Jumapili itukute Bagamoyo ili wewe na Titus mwende kanisani. Alisema hataki mtu aje kumdai dini yake njiani.

Mjomba alikohoa, akauliza Mwislamu mtu mzima anakwenda kufanya nini kwenye abasia ya Ndanda. Titus naye, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa na shingo imenyooka kwa cheo hicho, akauliza yeye atafanya nini Kilwa Kisiwani kwenye misikiti iliyobaki kuta, ambayo hata wenyewe hawaisali tena. Wakaanza kuulizana maswali hayo kwa adabu inayouma. Magreti aliwakata kwa kuuliza nani atachinja kuku wa njiani. Wote wakajibu kwa pamoja kwamba ni Mjomba, kama siku zote, ili kila mtu ale. Mama akasema kumbe mnajua kukubaliana, basi kubalianeni na hili pia. Nilicheka, Jonasi, na nikaona Mjomba naye anatafuna mdomo asicheke.

Bagamoyo unajua imetoka wapi. Baba alimwahidi tangu wakiwa vijana. Alipovuka Ruvuma na wazazi wake kuja huku, mwalimu wa dini aliyewapokea alikuwa akiwasimulia watoto juu ya kanisa la kale la Bagamoyo na msalaba ulio karibu na bahari, na Baba akaja kumsimulia Mama, na Mama naye akamwambia kuwa hapo jirani kuna Kaole, kuna msikiti wa kale na makaburi ya zamani sana. Wakaahidiana kwenda pamoja, kila mmoja amwoneshe mwenzake pa kwake. Kila mwaka korosho zilipouzwa walisema mwaka huu, na kila mwaka kulikuwa na ada ya shule ya mmoja wetu. Kilwa aliitaka Mama mwenyewe, kwa kuwa babu yake alikuwa akisema ukoo wao ulipata kusomeshwa na watu wa kule. Ndanda hakutueleza kwa nini. Titus alisema labda kwa sababu Baba alibatizwa kule, na tukaliacha hapo.

Gari limepatikana. Saadi, yule uliyemfundisha usukani zamani kwenye uwanja wa mpira, sasa ana Haisi yake safi, na aliposikia ni safari ya Mama alikataa hata kuzungumza habari za kodi, mradi tuweke mafuta. Ila alitoa sharti moja, kwamba ataikabidhi mikononi mwako tu. Alisema barabara ya Kilwa kuna vipande vilivyoliwa na maji, na gari lenye mgonjwa haliendeshwi na mtu wa kujaribu. Mama aliposikia sharti lile akasema Mungu amlipe Saadi. Tumekwisha pima kiti cha nyuma, godoro dogo linaenea, na nimeshona foronya mbili na pazia la dirishani ili jua lisimchome. Inabidi tutoke kabla mabibo hayajaanza kudondoka, maana msimu ukianza Titus hawezi kuondoka shambani, na mvua zikija nyuma yake hakuna wa kutupitisha. Na mwakani, Jonasi, sidhani kama tutakuwa na wa kumpeleka.

Sasa nakuja kwenye jambo lililotokea Ijumaa iliyopita, na nakuomba usome polepole hata kama hasira itapanda.

Tulikuwa tumekutana tena Mbekenyera kumalizia mipango. Jioni Mama akamwambia Mjomba kwamba safari ya nyumba nzima haitoki bila kumwaga unga, na kwamba yeye kama kaka ndiye anayestahili kuumwaga. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akifanya. Unga wa mtama unamiminwa taratibu kwa vidole hadi unasimama kama kichuguu kidogo, wazee waliotangulia wanatajwa, kisha unafunikwa chungu hadi asubuhi. Ukikutwa umesimama vile vile, njia ni nyeupe. Ukikutwa umeanguka, watu wanafungua mizigo. Mjomba alikataa. Alisema yeye ni mtu wa safu ya mbele msikitini, hawezi kuonekana anamimina unga kwa ajili ya wafu wakati anakwenda kuzuru nyumba za Mungu. Titus akamuunga mkono, akasema na padri naye hataki kusikia mambo hayo. Ukiacha habari ya kuku, ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana tangu Baba azikwe. Mama hakubishana. Alichukua unga mwenyewe, akaenda pale pembeni ya nyumba alipokuwa akitambikia Bibi, akapiga magoti kwa shida, akamimina. Nilimshikia taa ya simu maana giza lilikuwa linaingia. Alitaja majina ya kwao yote, kisha akataja la Baba, Filbert, akafunika chungu.

Asubuhi niliamka kuchota maji, nikamkuta Mjomba amesimama kule pembeni, eti anatafuta birika la kutawadhia. Nyuma yake akatokea Titus, eti anatafuta jembe. Nikawaambia birika na jembe vyote viko jikoni, wasinichekeshe mapema. Mama akaja akijikongoja kwa fimbo, akasema kwa kuwa wenye dini wote wamefika, funueni.

Mjomba akafunua. Unga ulikuwa umepasuka katikati na upande wote wa kulia ulikuwa umemwagika chini.

Ukiona watu wanaosema hawaamini kitu wanavyokigombania, utajifunza mengi. Mjomba alisema ni sisimizi. Titus akasema ardhi ile ina unyevu, na chungu kilifunikwa upande. Mjomba akasema umwagwe mwingine upesi, wa jana ulikuwa mkavu mno. Titus akakubali, akasema hata yeye atashika chungu. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Alikuwa ameketi chini, kwenye vumbi, na kanga yake safi. Akasema si sisimizi, na si unyevu. Akasema wenye njia wameifunga, na wanayo haki ya kuifunga, kwa sababu yuko mtu mmoja kati yao ambaye yeye, Mama, alimfanyia ubaya. Akatuambia tukae. Magreti alitoka ndani kutuita chai, akaona nyuso zetu, akakaa naye.

Jonasi, mdogo wangu, nitakuandikia alivyosema bila kupamba na bila kupunguza.

Mama alisema Baba hakusilimu.

Alisema siku ile ya mwisho walikuwa wawili tu chumbani, kama tulivyoambiwa. Lakini Baba hakutamka shahada, na hakuombwa kuitamka. Yale Mama aliyotoka nayo mlangoni na kumpa Mjomba, kwamba mume wangu amekubali Uislamu kabla hajakata roho na jina lake sasa ni Abdalah, aliyatunga pale pale, mkono wake ukiwa bado una joto la mkono wa Baba. Mjomba aliyapokea kwa imani kwa kuwa ni dada yake. Akayapeleka msikitini na kusimama mbele ya watu akayashuhudia. Wakamwosha, wakamvika sanda, wakamzika asubuhi yake kwa haraka kama ilivyo desturi yetu. Na wewe ukafika jioni ukiwa na mwalimu wa dini uliyempitia Ruangwa, ukakuta udongo mbichi.

Yaliyofuata sina haja ya kukukumbusha, tunayajua sote wawili. Ulimuuliza Mama mbele ya watu kama Baba kweli aliyasema hayo, naye akasema ndiyo, alisema. Ulimtazama, hukumpa mkono, ukageuka ukarudi na pikipiki ile ile iliyokuleta. Huu ni mwaka wa nne. Mimi nilikulaumu, Jonasi. Nilisema unapenda dini kuliko mama yako. Niliwaambia watu hivyo hapa Nachingwea, na nakwambia leo kwamba ninaona haya.

Titus alimuuliza kwa nini. Sauti yake ilikuwa ya mtoto, si ya mzee wa kanisa. Mama akajibu, na jibu lake ndilo lililonivunja hata hasira niliyokuwa nimeianza. Alisema makaburi ya Mbekenyera ni mawili. Ya Waislamu yako huku upande wa msikiti, na ya Wakristo yako ng'ambo ya barabara, mbali, kwenye mashamba ya watu. Alisema amelala ubavuni mwa mtu yule tangu akiwa msichana wa kuchezwa unyago juzi tu, wameugua pamoja, wamezika watoto wawili pamoja, wamelima hadi mikono yao ikafanana. Pale alipomwona anapumua kwa mbali, hofu iliyomshika haikuwa ya kubaki peke yake hapa duniani, kwa kuwa sisi tupo. Aliogopa kuja kulala huku kati ya watu wengine na Baba alazwe ng'ambo. Akasema akili yake haikuona mbele zaidi ya hapo. Baada ya mazishi aliwaomba wazee wamwekee nafasi iliyo kulia kwa Baba, wakaweka mawe mawili ya kuonesha kuwa ina mwenyewe.

Kumbe ndiyo sababu hakuwahi kwenda kaburini. Sisi tulisema ni uchungu. Alisema kila alipofika kwenye uzio alijihisi kama mtu anayekwenda kumtembelea mtu aliyemfunga.

Sasa na Ndanda nimeielewa. Mama anataka aende akawaombe mapadri wamsomee Baba misa ya wafu kwa jina lake la Filbert, ambayo hakuwahi kusomewa mahali popote, kwa sababu nani angemsomea misa mtu aliyezikwa kwa jina la Abdalah. Anataka kukaa nje ya kanisa, chini, mpaka iishe. Kilwa anataka kuomba toba yake mwenyewe, kwa dini yake mwenyewe, mahali ambapo watu wa kwao walifundishwa kuiomba. Na Bagamoyo ni kulipa ile ahadi, hata kama aliyeahidiwa hayupo. Sisi tulidhani mama yetu anataka kutembea na kuona majumba ya kale kabla hajafa, na mimi nikashona mapazia.

Mjomba Rashidy alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaitazama muda mrefu. Alisema maneno machache tu. Alisema dada, ulinisimamisha mbele ya watu wa Mungu nikawaapia kitu ambacho hakikuwepo. Akaondoka kwenda shambani bila chai. Mama hakumwita. Tuliogopa hatarudi, na bila yeye hakuna linalosonga kwetu, unajua. Alirudi adhuhuri, macho mekundu, akakaa kwenye kile kiti chake. Alisema yuko tayari kusimama msikitini pale pale aliposimama siku ile na kuyakanusha maneno yake, aibu iwe yake, maana ulimi ulikuwa wake. Titus akasema atakwenda naye, atamsubiri nje mlangoni. Lakini Mama akawazuia. Alisema sheikhe asiambiwe kwanza, na padri asiambiwe kwanza. Wa kwanza kuambiwa ni Jonasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza kweli akajibiwa uongo, na hakuna hatua itakayochukuliwa mpaka yeye aseme anataka nini. Ukitaka kaburi liwekwe msalaba, Mjomba atakwenda kuwaomba wazee wa makaburi. Ukitaka Baba ahamishwe ng'ambo ya barabara, Titus ameahidi kuulizia vibali wilayani. Ukitaka aachwe apumzike, ataachwa.

Na juu ya ile nafasi yenye mawe mawili, Mama amesema mbele yetu sote kwamba si yake tena. Alimwagiza Mjomba akayaondoe mawe siku ile ile, na Mjomba akaenda kuyaondoa, nilimwona akirudi na udongo mikononi. Mama amesema akifa tumzike mwisho kabisa wa makaburi, upande wa mikorosho, mbali na Baba, na kwamba ni wewe peke yako mwenye ruhusa ya kusema vinginevyo. Titus alijaribu kumbembeleza, akamwambia mambo hayo yana wakati wake. Mama akamjibu kwamba wakati wake ndio huu, wala hana mwingine.

Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilimkasirikia, Jonasi, siwezi kukudanganya. Nilimkasirikia kwa ajili yako, kwa ajili ya Baba, na kwa ajili ya miaka hii minne ya Idi na Krismasi zilizokuwa na kiti kitupu. Halafu nikasikia anakohoa kule nje, nikampelekea maji. Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Nakasirika, na ninampelekea maji.

Unga haujamwagwa tena. Mjomba amekwisha sema kwamba safari hii ataumwaga yeye mwenyewe mchana kweupe, na mwenye maneno aje amwambie usoni, lakini Mama amekataa mpaka gari liwe na dereva. Haisi iko uani kwa Saadi, ameioshesha. Hemedy atakaa huko Makambako mpaka apakie, kisha atageuza. Ukitaka kuja naye, kiti cha mbele kipo. Ukitaka kumpa jibu la mdomo tu, atanifikishia. Ukikaa kimya nalo nitalielewa, na nitamweleza Mama kwa namna nitakayoweza.

Sikuandikii ili nikuombe umsamehe. Hilo ni lako na Mungu wako, mimi sina uzito wa kulibeba. Na usije kwa sababu ni mgonjwa, maana hata yeye amekataza nisilitumie hilo, ingawa umeona nimelitumia. Kama utakuja, njoo na hasira yako yote, gari ni kubwa. Unaweza kuendesha kutoka hapa hadi Bagamoyo bila kumwambia neno, na yeye atakaa nyuma kwenye godoro lake akiangalia kisogo chako, na hilo litamtosha.

Limebaki moja, na ndilo gumu. Jana nilipomwambia nakuandikia, nilimuuliza anataka nikwambie nini kwa maneno yake. Alifikiri sana. Kisha akasema kwa Kimwera, taratibu ili nisikosee, na mimi nakuwekea kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Alisema nikwambie maneno ya mwisho ya baba yako hayakuwa ya dini yoyote. Aliuliza kama Jonasi amepewa habari. Mama akamwambia amepewa, yuko njiani. Baba akasema, basi msinizike mpaka Jonasi afike. Mama akamwambia sawa. Ndipo akafumba macho.

Ahadi ile ndiyo Mama asiyoweza kuitua, Jonasi. Alisema angekusubiri wewe, ungekuja na mwalimu wa dini, na Baba angekwenda ng'ambo. Kwa hiyo hakukusubiri. Lakini alinishika mkono nikiwa nainuka, akaniambia nisisahau kukuandikia na hili, kwa kuwa nalo ni kweli na ni lako: Baba yako alikufa akijua unasubiriwa.

Nisalimie Doreen, umwambie kitambaa alichoniagiza nimekwisha kukishona na nitakituma. Wabusu watoto mashavuni kwa niaba ya shangazi yao wanayemsikia kwenye simu tu. Magreti anasema ukija usinunue kuku njiani, wapo. Mungu akulinde barabarani, mchana na usiku, popote gari litakapokufikisha.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Shakila binti Filbert.